Galileo na Nyota ya Jioni

I

Jua likizama, mtu aliyesimama juu ya vilima vya Kingi huona upande wa magharibi, kwenye misitu ya Walikale, mbingu nyekundu inayogeuka polepole kuwa nyeusi. Siku nyingine, kabla ya nyota yoyote kutokea, taa moja nyeupe inawaka huko peke yake. Haimetimeti kama nyota nyingine. Imetulia, inang'aa sana, na inalifuata jua kwenda chini. Baada ya saa mbili au tatu imekwisha kuzama nyuma ya miti. Watu huiita nyota ya jioni.

Miezi inapita. Nyota ile inashuka, kila jioni inalikaribia jua zaidi, mpaka siku moja haionekani tena. Wanaoiona tena ni wachungaji wanaoamka alfajiri kukamua ng'ombe. Lakini sasa iko mashariki, upande wa Nyamulagira na Nyiragongo, nayo inatangulia jua. Hapo watu huiita nyota ya asubuhi. Wagiriki wa kale nao waliipa majina mawili, wakidhani ni nyota mbili, mpaka wenye elimu wao walipotambua kwamba ni ile ile moja. Jina lake kwa Kiswahili ni Zuhura.

Zuhura si nyota. Ni sayari, yaani dunia nyingine, jirani ya dunia yetu na karibu sawa nayo kwa ukubwa. Haina mwanga wake yenyewe. Inang'aa kwa sababu jua linaiangaza, kama linavyouangaza mwezi. Leo mambo hayo yamo katika vitabu vya shule, lakini zamani hakuna aliyeweza kuyahakikisha. Mtu aliyeyahakikisha alikuwa Galileo Galilei. Katika mwaka 1610 aliitazama nyota ya jioni usiku baada ya usiku, na jambo aliloliona lilimletea sifa kubwa, kisha taabu kubwa.

II

Galileo alizaliwa Pisa, mji wa Italia, tarehe 15 Februari 1564. Baba yake, Vincenzo, alikuwa mpiga zeze hodari na mtu wa elimu ya muziki. Sifa alikuwa nazo, fedha hakuwa nazo. Baba huyo alikuwa na tabia moja ambayo mtoto aliirithi: hakukubali neno kwa sababu tu limeandikwa na wakubwa wa zamani. Alipotaka kujua jinsi nyuzi zinavyotoa sauti, alizifunga, akazitundikia mizigo, akasikiliza, ndipo akaandika.

Mtoto alisomeshwa na watawa wa Vallombrosa, milimani, mbali kidogo na mji wa Firenze. Maisha yao yalimpendeza, akataka kubaki huko awe mtawa. Baba akamrudisha nyumbani. Alitaka mwanawe awe mganga, kwa maana waganga walilipwa vizuri. Basi mwaka 1581 Galileo akaingia chuo kikuu cha Pisa kusoma uganga. Lakini akasikia masomo ya hesabu na vipimo, na tangu siku hiyo uganga ulimchosha. Mwaka 1585 akatoka chuoni bila shahada. Kwa miaka minne alifundisha watoto wa watu huku na huku, mpaka mwaka 1589 alipopewa kazi ya kufundisha hesabu katika chuo kile kile cha Pisa. Mshahara ulikuwa haba sana.

Mwaka 1591 baba akafa. Galileo alikuwa mtoto wa kwanza, na mzigo wote wa jamaa ukamwangukia: mahari ya dada zake, ambayo katika nchi ile zamani zile ilitolewa na upande wa mwanamke, na mdogo wake aliyekuwa mpiga muziki kama baba, naye fedha hazikukaa mkononi mwake. Mwaka 1592 akahamia chuo kikuu cha Padua, katika nchi ya Venezia, akakaa huko miaka 18. Ili apate fedha alipangisha wanafunzi nyumbani mwake, akatengeneza vyombo vya kupimia na kuviuza. Kazi hiyo ya mikono ilimfaa baadaye kuliko alivyodhani.

Huko Padua alizaa na mwanamke aliyeitwa Marina Gamba watoto watatu: Virginia, Livia na Vincenzo. Hakufunga ndoa naye. Kosa lilikuwa la wazazi, lakini uchungu wake waliupata zaidi wasichana, kwa maana katika nchi ile msichana aliyezaliwa hivyo hakupata mchumba kwa urahisi. Mwaka 1613 baba yao aliwapeleka wote wawili, wangali wadogo, katika nyumba ya watawa wa Mtakatifu Klara huko Arcetri, karibu na Firenze. Virginia alipoweka nadhiri akaitwa Sista Maria Celeste, yaani Maria wa mbinguni. Habari zake zitarudi.

III

Katika mwaka 1608 fundi wa miwani wa Uholanzi, jina lake Hans Lipperhey, aliiomba serikali yake hati ya kulinda chombo kipya. Alikuwa ameweka vioo viwili katika bomba moja, na mtu aliyechungulia ndani aliona vitu vya mbali kana kwamba vimesogea karibu. Habari zikaenea upesi. Katikati ya mwaka 1609 zikafika kwa Galileo.

Hakungoja kununua. Alitafuta vioo viwili, kimoja kilichovimba katikati na kingine kilichobonyea, akavitia katika bomba. Vitu vikasogea mara tatu. Lakini vioo vya maduka ya miwani havikutosha. Akajifunza kusugua kioo kwa mikono yake mwenyewe, polepole, mpaka kiwe laini na cha umbo barabara. Vingi viliharibika akavitupa. Mwezi wa Agosti alikuwa na darubini ya kusogeza vitu mara nane au tisa, na mwisho wa mwaka mara ishirini.

Aliwapandisha wakubwa wa Venezia juu ya mnara wa kengele wa Kanisa la Mtakatifu Marko. Wazee wale walipanda ngazi wakihema, wakachungulia, wakaona baharini merikebu ambazo macho matupu yangeziona saa mbili baadaye. Kwa mji wa biashara na vita jambo hilo lilikuwa na thamani. Wakaahidi kumwongezea mshahara.

Wengine walitazama merikebu. Galileo akainua bomba lake mbinguni. Aliona kwamba mwezi si mviringo laini kama walimu walivyofundisha, bali una milima na mabonde. Tarehe 7 Januari 1610 aliitazama sayari Mshtarii, akaona karibu yake nyota ndogo tatu zimejipanga katika mstari. Kesho yake zilikuwa zimehama. Baada ya siku chache zikawa nne. Kumbe ni miezi minne inayoizunguka Mshtarii! Mwezi wa Machi akatoa kitabu kidogo kwa Kilatini chenye habari hizo. Nakala 550 zilikwisha upesi, na jina lake likajulikana katika Ulaya nzima. Mwezi wa Septemba akahamia Firenze kuwa mwanahesabu wa mtawala wa nchi ile, Cosimo wa Pili wa jamaa ya Medici.

IV

Ili kuelewa kwa nini aligeukia Zuhura, yafaa kujua watu wa siku zile waliamini nini. Zaidi ya miaka 1400 kabla yao, katika mji wa Aleksandria nchini Misri, aliishi mwanahesabu hodari aitwaye Ptolemayo. Yeye alifundisha kwamba dunia imesimama katikati, na jua, mwezi na sayari zote zinaizunguka. Hesabu zake zilikuwa nzuri, hata watu waliweza kujua kwa hizo sayari fulani itaonekana wapi. Lakini mwaka 1543 Nikolao Copernicus, mtu wa Kanisa katika nchi ya Poland, alitoa kitabu kilichosema vingine: jua liko katikati, na dunia yetu ni sayari mojawapo inayolizunguka. Watu wachache walimsadiki. Wengi waliuliza mtu atawezaje kusadiki kwamba ardhi anayoilima inakwenda mbio, hali yeye hasikii kutikisika hata kidogo.

Zuhura ingeweza kutoa ushahidi. Mfano wake uko karibu. Usiku watoto wanawasha moto uwanjani, nao wanacheza kwa kuuzunguka. Mtu mmoja ameketi mbali kidogo gizani, anawatazama. Mtoto akiwa ng'ambo ya moto, uso wake wote unaonekana, umeangazwa. Akifika ubavuni mwa moto, nusu yake inaangazwa na nusu ni giza. Akipita kati ya moto na mtazamaji, anaonekana mweusi, ila ukingo mwembamba wa mwanga begani. Tena akiwa ng'ambo anaonekana mdogo, na akipita karibu anaonekana mkubwa.

Basi, kama Zuhura inalizunguka jua, lazima ionekane kama mtoto yule: pengine mviringo mdogo uliojaa, pengine nusu, pengine pembe kubwa nyembamba kama mwezi mwandamo. Lakini katika mpango wa Ptolemayo, Zuhura haiendi ng'ambo ya jua kamwe. Inabaki siku zote upande huu, kati ya jua na sisi. Ikiwa ni hivyo, isingeweza kuonekana mviringo uliojaa hata mara moja. Macho matupu hayawezi kukata shauri. Kwao Zuhura ni nukta ya mwanga tu, mwaka mzima.

Mwezi wa Oktoba 1610 Zuhura ilikuwa nyota ya jioni, chini, upande wa magharibi. Galileo akaanza. Haikuwa kazi rahisi. Zuhura hung'aa kupita kiasi, na katika darubini mwanga wake ulitawanyika kama miale ya taa katika jicho lenye machozi. Alikuwa na dawa ya jambo hilo: aliweka mbele ya kioo kipande cha karatasi ngumu chenye tundu, ili mwanga upungue na umbo lionekane. Tena kila jioni muda ulikuwa mfupi. Sayari ilikuwa ikishuka, na mawingu hayakumwuliza kama amemaliza.

Kwanza aliona mviringo mdogo, uliojaa. Jioni nyingine ulikuwa vile vile. Wiki zikapita, na bado ulikuwa mviringo, ila umekua kidogo. Mtu mwingine angaliacha hapo na kusema hakuna jipya. Galileo hakuacha. Kisha upande ulio mbali na jua ukaanza kupungua, kidogo sana, kama mkate uliotafunwa ukingoni na panya. Ukaendelea kupungua, na kwa wakati ule ule sayari yote ikazidi kuwa kubwa. Mwezi wa Desemba ikawa nusu kamili. Baadaye ikaanza kubonyea, ikaota pembe.

Siku zile akapata barua ya mwanafunzi wake wa zamani, Benedetto Castelli, mtawa Mbenedikto aliyekaa Brescia. Castelli alikuwa amefikiri mwenyewe kwamba, kama Copernicus ana haki, Zuhura lazima iwe na maumbo kama mwezi. Akauliza kama mwalimu wake ameona kitu hicho. Mwalimu aliweza kumjibu kwamba ameitazama tangu miezi mitatu.

Lakini kabla ya hapo alikuwa amefanya jambo la werevu. Alitaka dunia ijue kwamba yeye ndiye wa kwanza, lakini hakutaka kusema kabla hajawa na hakika. Basi tarehe 11 Desemba alituma Praga sentensi ya Kilatini ambayo herufi zake zilikuwa zimepangwa upya, zikawa kitendawili. Huko aliishi Johannes Kepler, mwanahesabu mkubwa wa Kaisari. Kepler alipanga na kupangua herufi zile, akapata maneno ya namna nyingi, yote si yenyewe. Alimsihi Galileo amfungulie. Mwaka mpya ulipoanza Galileo alimfungulia: Zuhura inafuata maumbo ya mwezi.

Hata hivyo, mtu mmoja na darubini yake hawatoshi. Wako waliosema kwamba vioo vinadanganya. Katika Chuo cha Wayezuiti cha Roma alikuwapo Padri Christopher Clavius, mzee zaidi ya miaka 70, mwanahesabu aliyeheshimiwa kuliko wote. Yeye ni mmoja wa waliotengeneza kalenda ya Papa Gregorio ya mwaka 1582, ile inayotumika mpaka leo. Clavius mwanzoni alikuwa na mashaka. Lakini mapadri wa chuo walipata darubini nzuri, wakatazama wenyewe usiku kwa usiku, nao wakaona Mshtarii na miezi yake, na Zuhura ikipungua kama mwezi. Mwezi wa Aprili 1611 Kardinali Roberto Bellarmino aliwauliza kwa barua kama mambo hayo ni kweli. Wakajibu kwamba ni kweli. Galileo alikuwa Roma wakati huo, na Wayezuiti wakamfanyia sherehe chuoni mwao. Ilikuwa pengine siku njema kuliko zote za maisha yake.

V

Sasa yapasa kusema wazi kile Zuhura ilichothibitisha, na kile ambacho haikuthibitisha. Ilithibitisha kwamba yenyewe inalizunguka jua. Mpango wa Ptolemayo ulivunjika hapo, na hakuna aliyeweza kuutengeneza tena. Lakini haikuthibitisha kwamba dunia yetu nayo inakwenda. Tycho Brahe, mtu wa Denmark aliyekufa mwaka 1601, alikuwa amefundisha njia ya katikati: sayari zinalizunguka jua, na jua pamoja nazo linaizunguka dunia. Katika mpango huo pia Zuhura ingeonekana vile vile. Wayezuiti wengi walifuata njia hiyo. Galileo hakutaka kuisikia. Moyoni alikwisha kuwa na hakika kwamba Copernicus ana haki, na katika jambo hilo alikuwa amelenga sawa. Ila ushahidi wa mwisho hakuwa nao bado, na uvumilivu aliokuwa nao kwa nyota hakuwa nao kwa watu. Aliwajibu wapinzani kwa maneno makali ya kuchekesha, na aliyechekwa mbele ya watu hasahau.

Wakainuka watu waliosema kwamba mafundisho ya Copernicus yanapingana na Biblia, kwa sababu imeandikwa humo kwamba Yosue alilisimamisha jua. Galileo akaandika kwamba Biblia haikuwekwa kufundisha mwendo wa nyota. Kardinali Bellarmino, ambaye Kanisa lilimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1930, alikuwa mtu mwenye busara. Alisema kwamba ushahidi kamili ukipatikana, itapasa kufikiri upya maana ya mistari ile. Lakini yeye hajaonyeshwa ushahidi huo. Mwezi wa Februari 1616 akamwita Galileo na kumwonya aache mafundisho yale. Kitabu cha Copernicus kikazuiliwa mpaka kisahihishwe.

Galileo akanyamaza miaka mingi. Mwaka 1623 rafiki yake, Kardinali Maffeo Barberini, akachaguliwa kuwa Papa Urbano wa Nane. Galileo akapata tumaini, akaandika kitabu kikubwa ambamo watu watatu wanazungumza juu ya mipango ya mbingu. Alidhani kwamba maji kupwa na kujaa baharini ni ushahidi wa mwendo wa dunia, hapo alikosea. Tena aliweka fikira aliyoipenda Papa mwenyewe katika kinywa cha yule mzungumzaji aliye mjinga kuliko wote. Kitabu kilitoka mwaka 1632. Papa akakasirika sana, na urafiki ukavunjika.

Akaitwa Roma ahukumiwe. Alikuwa mzee, mgonjwa, na safari ilikuwa ya majira ya baridi. Tarehe 22 Juni 1633, mwenye umri wa miaka 69, alipiga magoti mbele ya baraza la hukumu la Kanisa, akasoma karatasi ya kukana kwamba dunia inakwenda. Kati ya makardinali kumi wa baraza, watatu hawakutia sahihi hukumu ile. Watu husimulia kwamba alipoinuka alinong'ona neno la ukaidi. Lakini hadithi hiyo haimo katika karatasi za kesi, na mzee aliyeogopa kama yeye hakuwa katika hali ya kunong'ona. Kitabu chake kikapigwa marufuku. Yeye akahukumiwa kufungwa, na kifungo kikageuzwa kuwa cha kukaa nyumbani.

VI

Wakati wote huo Sista Maria Celeste alimwandikia baba yake. Barua zake 124 zimehifadhiwa. Aliishi katika nyumba maskini, yenye baridi, mara nyingi bila chakula cha kutosha. Kazi yake ilikuwa kutengeneza dawa za wagonjwa. Alimshonea baba yake kola, akamfulia, akamtengenezea matunda katika sukari, akamnakilia barua kwa mwandiko wake mzuri. Baba alipokuwa Roma, yeye aliangalia habari za nyumba yake iliyokuwa jirani ya watawa, akamwandikia juu ya divai na bustani, ili asifikiri kesi peke yake.

Katika hukumu ilikuwamo pia adhabu ya sala: kwa miaka mitatu Galileo asali kila wiki zaburi saba za toba. Maria Celeste alipopata habari, aliomba azisali yeye mahali pake, ili amwondolee baba mzigo huo hata kama ni mdogo. Mwezi wa Desemba 1633 mzee aliruhusiwa kurudi Arcetri. Nyumba yake ilikuwa hatua chache kutoka kwa watawa. Baba na binti wakaonana tena.

Haikudumu miezi minne. Maria Celeste akashikwa na ugonjwa wa tumbo, na tarehe 2 Aprili 1634 akafa, umri wake miaka 33. Galileo aliandika kwamba usiku alimsikia akimwita. Kwa muda hakuweza kufanya kazi yoyote.

Kisha akarudi mezani. Aliandika kitabu juu ya mwendo wa vitu vinavyoanguka na nguvu ya miti na mawe, ambacho wataalamu wengi wanakihesabu kuwa kikubwa kuliko vyote alivyoandika. Katika Italia hakikuweza kupigwa chapa. Kilipigwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1638. Kilipomfikia mkononi hakuweza kukisoma. Macho yake, yaliyoona milima ya mwezi na pembe za Zuhura kabla ya watu wengine, yalikuwa yamepofuka yote mawili. Kijana aitwaye Vincenzo Viviani alikuja kukaa naye, akamsomea na kumwandikia. Tarehe 8 Januari 1642 Galileo akafa huko huko Arcetri, bado akiwa katika kifungo cha nyumbani.

Mtawala wa Firenze alitaka kumjengea kaburi zuri katika Kanisa la Msalaba Mtakatifu. Roma haikupenda. Akazikwa katika chumba kidogo pembeni, chini ya mnara wa kengele. Viviani aliomba miaka mingi kaburi lile lijengwe, akafa mwaka 1703 kabla ya kuliona, naye akazikwa pale pale. Mwaka 1737 kaburi jipya lilikuwa tayari, na watu wakaja kuhamisha mifupa. Wakakuta majeneza matatu, si mawili. La tatu lilikuwa na mifupa ya mwanamke. Watu wengi wanaamini kwamba ni Maria Celeste, na kwamba Viviani ndiye aliyemlaza karibu na baba yake. Wote wawili wakahamishwa pamoja.

Ushahidi ambao Galileo hakuwa nao ulikuja baadaye. Mwaka 1728 Mwingereza James Bradley alitambua kwamba nyota zote zinaonekana kuyumba kidogo kila mwaka, kwa sababu dunia iliyobeba darubini yake inakwenda. Mwaka 1835 orodha ya vitabu vilivyokatazwa na Kanisa ilitoka bila kitabu cha Galileo. Tarehe 31 Oktoba 1992 Papa Yohane Paulo wa Pili, baada ya wataalamu kuchunguza habari hiyo kwa miaka mingi, alikiri mbele ya watu kwamba waliomhukumu Galileo walikosea.

Na Zuhura yenyewe? Sasa inajulikana kwamba inalizunguka jua kwa siku 225. Ikiwa ng'ambo ya jua iko mbali nasi kama kilometa milioni 260, na ikipita karibu ni kama milioni 40 tu. Ndiyo sababu Galileo aliiona ikikua. Inang'aa hivyo kwa sababu imefunikwa na mawingu mazito yanayorudisha mwanga wa jua. Mawingu hayo si ya mvua kama ya Masisi, bali ya asidi kali. Chini yake joto hufika karibu digrii 465, hata risasi ingeyeyuka. Mwaka 1970 chombo cha Warusi kiitwacho Venera 7 kilitua huko na kutuma habari kwa dakika chache, kisha kikanyamaza.

Darubini mbili za Galileo zimewekwa katika nyumba ya makumbusho huko Firenze. Lakini kuona alichokiona yeye hakudai safari hiyo. Kuna darubini ndogo za kushika kwa mikono miwili, ambazo watunza mbuga hutumia kutazama wanyama. Katika wiki za mwisho kabla nyota ya jioni haijapotea, mtu akiegemeza mikono ukutani ili isitetemeke, ataona kwa darubini ya namna hiyo mwezi mwandamo mdogo sana, mweupe, juu ya miti ya Walikale. Angoje tu mpaka jua liwe limezama lote. Darubini ikielekezwa kwenye jua, jicho huharibika mara moja, wala haliponi.